Kikulacho ki nguoni mwako: Namna ya kujikinga na vifurushi hasidi vya programu

HAKUNA fundi ujenzi anayechoma kila tofali, kuyeyusha chuma cha nondo na kusaga saruji yeye mwenyewe kabla ya kuinua ukuta. Hununua vitu hivyo vikiwa tayari, akiamini kuwa aliyevitengeneza alifanya kazi yake kwa uaminifu.

Ndivyo ilivyo pia katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta na za simu za mkononi. Sehemu kubwa ya programu inayoonekana kuwa kazi ya kampuni moja huwa imejengwa kwa vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, wengi wao wakiwa hawajulikani hata kwa sura kwa yule anayevitumia.

Vifurushi hivi, ambavyo havihusiani na vile vya muda wa maongezi vinavyouzwa na kampuni za simu, ni mafungu ya msimbo, yaani maelekezo kwa kompyuta, yaliyowekwa hadharani ili yeyote ayatumie. Kimoja hupanga tarehe, kingine huchora grafu na kingine hufungua mawasiliano na hifadhidata.

Huhifadhiwa katika maghala makubwa ya mtandaoni. Ghala la npm, linalotumiwa na waandishi wa lugha ya JavaScript, lina vifurushi zaidi ya milioni mbili. La PyPI, la lugha ya Python, lina zaidi ya 500,000.

Tatizo ni kwamba katika maghala hayo, mtu yeyote mwenye anwani ya barua pepe anaweza kujiandikisha na kupakia kifurushi chake. Hakuna mkaguzi anayesimama mlangoni kusoma kila mstari kabla kifurushi hakijawafikia watu.

Aidha, kifurushi kinaposakinishwa katika kompyuta ya mtengenezaji programu, hupata mamlaka yale yale aliyo nayo mwenye kompyuta. Kinaweza kusoma mafaili yake, maneno yake ya siri na funguo za kuingilia katika seva za wateja wake, kisha kikavituma vyote kwa mtu aliye mbali bila dalili yoyote kuonekana.

Septemba 8, 2025 hatari hiyo ilijidhihirisha kwa kiwango kikubwa. Vifurushi 18 vya ghala la npm, vikiwamo chalk na debug, vilitiwa msimbo hasidi. Kwa pamoja vifurushi hivyo vilikuwa vikipakuliwa zaidi ya mara bilioni mbili kwa wiki.

Msimbo huo ulikusudiwa kunyemelea malipo ya sarafu za kidijitali katika vivinjari, na kubadili anwani ya mpokeaji ili fedha ziende kwa wezi. Uligunduliwa na kuondolewa baada ya saa chache, hivyo wezi hawakuambulia mengi. Hata hivyo, tukio hilo liliacha somo kwa kila anayeandika programu.

Mnyororo usioonekana

Wengi hudhani kuwa wanaposakinisha kifurushi kimoja wamepokea kitu kimoja. Ukweli ni kwamba kifurushi hicho nacho hutegemea vingine, na hivyo vingine hutegemea vingine zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, ulibaini kuwa anayesakinisha kifurushi cha kawaida cha npm huwa ameweka imani yake, bila kujua, katika vifurushi vingine 79 na watunzaji 39.

Mfano wa jinsi mnyororo huo ulivyo dhaifu ulipatikana Machi 2016. Mtengenezaji mmoja, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi chake kingine, aliamua kuondoa kazi zake zote katika ghala la npm. Miongoni mwake kilikuwamo kifurushi kiitwacho left-pad chenye mistari 11 tu, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi.

Kuondoka kwa mistari hiyo 11 kulikwamisha ujenzi wa programu nyingi duniani kote, hata za wale ambao hawakuwahi kulisikia jina la left-pad. Safari hiyo hapakuwa na nia ya kuiba. Lakini ilikuwa wazi kuwa aliyeweza kuondoa mistari 11 angeweza pia kuongeza mingine.

Suala la uaminifu katika msimbo wa watu wengine si geni. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alionya katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing kwamba mtu hawezi kuuamini kikamilifu msimbo ambao hakuuandika wote mwenyewe. Kilichobadilika tangu hapo ni wingi wa msimbo huo na wepesi wa kuupata.

Njia wanazopitia wahalifu

Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kuwa wahalifu hupitia njia kuu tano.

Ya kwanza ni majina ya kughushi. Kama ilivyo kwa betri za redio zinazouzwa zikiwa na jina linalotofautiana na la kampuni maarufu kwa herufi moja tu, mhalifu hupakia kifurushi chenye jina linalokaribiana na la kifurushi kinachojulikana, kisha husubiri anayekosea kuandika.

Agosti 2017 iligundulika kuwa ghala la npm lilikuwa na vifurushi takriban 40 vya aina hiyo vilivyopakiwa na mtu mmoja. Kimojawapo kiliitwa crossenv, kikiiga jina la cross-env. Kilifanya kazi kama kile halisi, lakini kwa siri kilituma kwa mwenyewe taarifa za mazingira ya kompyuta, ambamo watengenezaji wengi huhifadhi funguo zao.

Siku hizi njia hii imepata sura mpya kutokana na programu za akili bandia zinazoandika msimbo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walichunguza sampuli 576,000 za msimbo ulioandikwa na programu hizo, wakabaini kuwa karibu kifurushi kimoja kati ya vitano vilivyopendekezwa hakikuwapo kabisa. Hatari yake ni kwamba mhalifu anaweza kulisajili jina hilo la kubuni, na anayenakili pendekezo bila kuhakiki akajipelekea mwizi nyumbani.

Njia ya pili ni kuteka akaunti ya mtunzaji halali. Ndivyo ilivyokuwa katika tukio la Septemba 2025. Mtunzaji wa vifurushi vile alipokea barua pepe iliyoonekana kutoka npm ikimtaka asasishe uthibitishaji wa akaunti yake kabla haijafungwa. Anwani ya mtumaji iliishia na npmjs.help badala ya npmjs.com, na tofauti hiyo ndogo ilitosha.

Kabla ya hapo, Oktoba 2021, akaunti ya mtunzaji wa kifurushi cha ua-parser-js ilikuwa imetekwa kwa namna hiyo hiyo ya kuingiliwa na wasiohusika. Matoleo matatu hasidi yalipakiwa, na kompyuta zilizoyapokea zikageuzwa kuwa za kuchimba sarafu za kidijitali, huku zile za Windows zikiibiwa pia maneno ya siri.

Njia ya tatu ni ya subira: mhalifu hujifanya msaidizi mwema hadi akabidhiwe funguo za nyumba. Mwaka 2018 mtunzaji wa kifurushi cha event-stream, ambaye alikuwa hakitumii tena na hakuwa akilipwa chochote kwa kukitunza, alimkabidhi kazi hiyo mtu asiyemfahamu aliyejitolea kwa barua pepe.

Mgeni huyo aliongeza utegemezi mpya uitwao flatmap-stream, ambao baadaye ulitiwa msimbo uliofichwa. Shabaha yake ilikuwa moja tu: pochi ya Bitcoin iitwayo Copay. Msimbo ulilala kimya kila mahali pengine, na hata ndani ya Copay ulilenga wenye salio la zaidi ya Bitcoin 100 au Bitcoin Cash 1,000. Uligunduliwa Novemba mwaka huo baada ya watumiaji kushangazwa na onyo dogo lililotokea kwenye skrini zao.

Mfano mzito zaidi ni ule wa XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia kazi mwaka 2021. Mwaka uliofuata, akaunti nyingine zilijitokeza kumshinikiza mtunzaji aliyekuwa amechoka apokee msaada, na hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuamuru seva za watu kutoka mbali. Sehemu muhimu ya hila hiyo haikuonekana katika msimbo uliokuwa wazi kwa wote, bali iliwekwa ndani ya furushi la kutolewa, jambo linaloonyesha kuwa kilicho hadharani si lazima kiwe ndicho kinachosakinishwa.

Njia ya nne hutumia mkanganyiko wa majina ya ndani. Kampuni nyingi huwa na vifurushi vyao vya siri visivyowekwa hadharani. Mtu akijua jina la kifurushi hicho na kupakia kingine chenye jina hilo hilo katika ghala la umma, tena kwa namba kubwa ya toleo, kompyuta za kampuni zinaweza kuchukua kile cha nje.

Februari 2021 mtafiti wa usalama Alex Birsan alieleza jinsi alivyotumia njia hiyo, kwa nia njema na kwa kuzingatia taratibu za zawadi za kampuni husika, kuingia katika mifumo ya kampuni zaidi ya 35 zikiwamo Apple na Microsoft. Alipata zawadi za zaidi ya dola 130,000 za Marekani. Desemba 2022 watu wasio na nia njema waliitumia dhidi ya matoleo ya majaribio ya PyTorch, programu maarufu ya akili bandia.

Ya tano ni ya mtunzaji mwenyewe kugeuka. Januari 2022 mtunzaji wa vifurushi vya colors na faker aliviharibu kwa makusudi. Machi mwaka huo, kufuatia vita vya Ukraine, kifurushi cha node-ipc kilitiwa msimbo uliofuta mafaili ya kompyuta zilizoonekana kuwa Urusi au Belarus.

Kwa kuongezea, Septemba 2025 ilishuhudia mnyoo wa kompyuta ulioitwa Shai-Hulud. Ulipoingia katika kompyuta ya mtengenezaji, ulitafuta funguo zake za siri, ukazianika hadharani, kisha ukatumia funguo hizo kuambukiza vifurushi vingine alivyovitunza. Zaidi ya vifurushi 500 viliathirika, na wimbi jingine likafuata Novemba mwaka huo.

Hatua za kujikinga

Hakuna kinga moja inayotosha. Kinachofaa ni kuweka vizuizi kadhaa, ili kimoja kikishindwa kingine kisaidie.

Hatua ya kwanza ni kujiuliza kama kifurushi kinahitajika kweli. Kazi inayoweza kuandikwa kwa mistari 10 haina sababu ya kuletewa mgeni, na pengine jamaa zake 79, ndani ya nyumba. Kila kifurushi kinachoepukwa ni mlango mmoja uliofungwa.

Pili, jina lihakikiwe kabla ya kusakinisha. Linakiliwe kutoka katika tovuti rasmi ya mradi badala ya kuandikwa kwa kumbukumbu. Inafaa kutazama kifurushi kimeanza lini, nani anakitunza, matoleo yake ya nyuma yalitoka lini, na kama msimbo wake unapatikana hadharani. Kifurushi cha wiki moja chenye jina la kifahari ni cha kutiliwa shaka. Idadi ya upakuaji pekee si ushahidi, kwa kuwa inaweza kupandishwa kwa hila.

Tatu, matoleo yafungwe. Programu za kusimamia vifurushi huweza kutengeneza faili linaloorodhesha toleo halisi la kila kifurushi pamoja na heshi yake, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilika ndani ya kifurushi, namba hiyo hubadilika yote.

Faili hilo lihifadhiwe pamoja na msimbo wa mradi. Katika seva za ujenzi, watumiaji wa npm watumie amri ya npm ci, ambayo hufuata faili hilo na kukataa kuendelea likitofautiana na orodha ya mradi. Watumiaji wa Python wanaweza kuitaka programu ya pip idai heshi za vifurushi vyote. Bila kufunga matoleo, mtu hupokea kesho kitu tofauti na alichokijaribu leo.

Nne, si busara kuwa wa kwanza kupokea toleo jipya. Matoleo hasidi ya Septemba 2025 yaliondolewa ndani ya saa chache, na yale ya ua-parser-js pia. Aliyekuwa na desturi ya kusubiri siku saba hakuguswa na yote mawili. Tangu Septemba 2025 programu ya pnpm ina mpangilio unaokataa toleo ambalo halijafikisha umri uliowekwa.

Hata hivyo, kusubiri kuna mipaka yake. Hila ya event-stream ilikaa zaidi ya mwezi mmoja bila kugunduliwa. Vilevile, toleo linaloziba ufa uliokwisha kutangazwa halipaswi kucheleweshwa, kwani wahalifu nao husoma matangazo hayo.

Tano, maelekezo yanayojiendesha wakati wa usakinishaji yazuiwe. Vifurushi vingi hasidi havingoji programu itumiwe, bali hufanya uhalifu wao dakika ile ile vinaposakinishwa. Katika npm, mpangilio wa ignore-scripts huyazuia, na pnpm huyazuia yenyewe tangu toleo lake la 10. Katika Python, pip inaweza kuamriwa ipokee vifurushi vilivyokwisha kujengwa tu, kwa mpangilio wa only-binary. Vifurushi vichache vinavyohitaji maelekezo hayo kihalali viruhusiwe kimoja kimoja.

Ikumbukwe kuwa kizuizi hiki hakizuii msimbo hasidi uliowekwa ndani ya kazi ya kawaida ya kifurushi. Huo utaamka programu itakapoendeshwa.

Sita, kazi itenganishwe na siri. Miradi isiyoaminika ijaribiwe ndani ya kompyuta pepe au kontena lisilo na ruhusa ya kufikia mafaili ya mwenye kompyuta. Wapo wanaodhani kuwa mazingira pepe ya Python, yaani venv, ni kinga. Hayo hutenganisha matoleo ya vifurushi tu. Kifurushi kilichomo ndani yake bado kinaweza kusoma kila faili la mtumiaji.

Funguo za seva zenye data za wateja hazipaswi kukaa katika kompyuta ya kuandikia msimbo. Pale zinapohitajika, ziwe na mamlaka finyu na za muda mfupi, ili anayeziiba akute zimekwisha makali. Seva ya ujenzi nayo iruhusiwe kuwasiliana na anwani zile tu inazozihitaji.

Saba, kampuni zenye vifurushi vya ndani zisajili jina lao katika ghala la umma, zitumie majina yanayotanguliwa na jina la kampuni pale ghala linapoyaruhusu, na zielekeze kompyuta zao katika ghala moja la ndani badala ya kuziacha zichague kati ya mawili.

Nane, ukaguzi uwe wa mara kwa mara. Zana kama npm audit na pip-audit hulinganisha vifurushi vya mradi na orodha za kasoro zilizokwisha kujulikana. Zina manufaa, lakini hazioni hila mpya. Kwa sababu hiyo, faili la kufungia matoleo linapobadilika, mtu asome kilichobadilika. Utegemezi mpya uliojitokeza katika toleo dogo la marekebisho, kama ilivyokuwa kwa event-stream, unastahili kuulizwa umetoka wapi.

Tisa, wanaopakia vifurushi vyao walinde akaunti zao. PyPI imewataka watumiaji wake wote kuwa na uthibitishaji wa hatua mbili tangu Januari 2024. Lakini namba za siri zinazoandikwa kwa mkono zinaweza kuibiwa na tovuti bandia, wakati ufunguo wa usalama wa kuchomeka kwenye kompyuta hukataa kufanya kazi katika anwani isiyo ile uliyosajiliwa nayo. Barua pepe yoyote inayotisha kuwa akaunti itafungwa isijibiwe kwa kubofya kiungo chake. Anwani ya ghala iandikwe kwa mkono.

Ikiwa mwizi amekwisha kuingia

Pamoja na tahadhari zote, ajali hutokea. Kosa linalofanywa na wengi ni kufuta kifurushi hasidi na kudhani kuwa yamekwisha. Siri zilizosomwa zimekwisha kuondoka, na msimbo huo huenda umeacha mwenzake mahali pengine.

Kompyuta iliyoathirika iondolewe mara moja katika mtandao. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama, funguo na maneno yote ya siri yaliyowahi kuwamo yabatilishwe na kutolewa mapya, kuanzia yale ya ghala la vifurushi, ya hifadhi ya msimbo, ya seva na ya hifadhidata. Kubadilisha funguo ndani ya kompyuta ile ile ni sawa na kumkabidhi mwizi kitasa kipya.

Kisha mfumo wa kompyuta hiyo usakinishwe upya. Kumbukumbu za seva zichunguzwe kubaini kama kuna aliyeingia, na vifurushi vyote ambavyo mhusika anavitunza vikaguliwe kama vina matoleo asiyoyatambua. Wenye ghala na wateja waliotumia programu iliyojengwa kipindi hicho waarifiwe bila kuoneana haya.

Wajibu wa kisheria

Jambo hili si la mafundi peke yao. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezihifadhi kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuwa zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika.

Kwa mteja ambaye taarifa zake za mkopo au za matibabu zimeanikwa, utetezi kwamba kosa lilifanywa na kifurushi cha mtu wa mbali hauna maana. Yeye alimkabidhi taarifa zake mwenye programu, na hajui kama npm ipo.

Duniani nako mwelekeo ni huo. Mei 2021 serikali ya Marekani ilitoa agizo la rais lililozingatia, pamoja na mambo mengine, orodha ya viungo vinavyounda programu inayouziwa serikali, mithili ya orodha ya viungo iliyo kwenye pakiti ya chakula. Umoja wa Ulaya una sheria iliyoanza kutumika Desemba 2024, yenye masharti ya awamu hadi Desemba 2027, inayowabana wauzaji wa bidhaa za kidijitali kujua vipande vilivyomo ndani ya bidhaa zao. Kampuni ya Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko inayouza bidhaa hizo katika soko la Ulaya nayo inahusika.

Hata asiyeuza nje atafaidika na orodha hiyo. Siku kifurushi fulani kinapotangazwa kuwa hasidi, mwenye orodha hupata jibu kwa dakika chache. Asiye nayo huanza kupekua mradi mmoja baada ya mwingine wakati mwizi yuko kazini.

Mzigo wa wachache

Nyuma ya matukio mengi kati ya haya kuna jambo linalofanana: kazi inayobeba programu za mamilioni ya watu hufanywa na mtu mmoja au wawili, mara nyingi kwa kujitolea, usiku baada ya kazi ya mchana. Wahalifu wa XZ Utils walijua kuwa mtunzaji alikuwa amechoka, na uchovu huo ndio walioutumia.

Hivyo basi, sehemu ya kinga ni kuwasaidia watunzaji wa programu huria kwa fedha, kwa kusoma msimbo wao na kwa kuripoti kasoro kwa lugha ya staha. Kampuni inayopata faida kutokana na kifurushi na kumwacha mtunzaji wake alemewe, inajiwekea hatari yake yenyewe.

Mlango wa siri wa XZ Utils haukugunduliwa na mtambo wowote wa ulinzi. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL na kuona kuwa kuingia katika seva kumechelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Angeweza kulipuuza jambo dogo kiasi hicho. Badala yake alifuatilia hadi akapata chanzo, na Machi 29 akautangazia ulimwengu kabla matoleo hayo hayajaenea katika seva nyingi zinazotumiwa kila siku.